Nyanya za Udongo

Kila Ijumaa, tukishamaliza kufagia, tulisogeza madawati ukutani na darasa letu la sita likageuka soko. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeanzisha mchezo huo ili tujifunze biashara. Vizibo vya soda vilikuwa pesa, majani yalikuwa mboga, na kundi letu liliuza nyanya za udongo tulizofinyanga wenyewe. Hadi leo nikishika udongo mbichi, nasikia kelele za soko lile.

Kundi litakalopendwa zaidi na wateja lingepewa kuendesha duka la kweli la shule, la kalamu na madaftari. Kiongozi wetu, msichana tuliyemwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kutupanga, alilitaka duka hilo mpaka akaliota.

Ijumaa ya mwisho wazazi walialikwa kuwa wateja. Tukakuta nyanya nyingi zimepasuka kwa jua. Bosi akazificha chini ya mafungu, nzima akaziweka juu. Nilimwambia watu wataona. Akanicheka, akasema huu ni mchezo tu, kwani nani atazipika?

Mteja wa kwanza akawa bibi yake. Alibembeleza bei kama yuko sokoni kweli, akidai ameacha wajukuu wanalia njaa, watu wakavunjika mbavu. Alipoligeuza fungu, akaibuka na nyanya iliyopasuka vipande viwili.

"Mke mwenzangu," alimwambia Bosi taratibu, "hata mimi?"

Akairudisha, akaenda meza ya jirani. Wengine wakamfuata. Machozi yalimlengalenga Bosi. Kisha akamwaga nyanya zote mezani, akatenga nzima na mbovu mbele ya watu, akatangaza kwamba zilizopasuka ni nusu bei. Bibi akawa wa kwanza kurudi, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Duka lilikwenda kwa kundi la jirani. Hata hivyo, wao wenyewe walimwomba Bosi awe muuzaji wao, kwa kuwa wamemwona akisema ukweli wa bidhaa zake bila kulazimishwa.

Tukirudi nyumbani, Bosi alinung'unika kwamba amekosa uongozi wa duka kwa ajili ya nyanya za uongo. Bibi akamshika bega.

"Nyanya zilikuwa za udongo, mjukuu wangu, ila mimi sikuwa wa udongo. Mkono uliozoea kuficha kwenye mchezo utaficha na dukani. Leo umeuzoesha kuonyesha. Nenda kauze."