Diski ya Joyeuse

Soko la Birere lilifurika siku hiyo, na Gradi alisukumwa na chukudu, baiskeli ya mbao, la viazi hadi akajikuta ameegemea meza ya vifaa vya kompyuta. Nyuma ya meza alikaa Joyeuse, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa, macho yakicheka.

"Papa, unanunua ao unapumzika?"

"Natafuta disque. Kubwa."

"Ya kuweka nini?"

Gradi alihudumia seva za tovuti ya matangazo ya ndoa. Akaeleza kwamba kurasa zinazoombwa sana huwekwa akiba kwenye diski, seva isizitengeneze upya kila mtu anapozitaka.

"Kumbe ni kama sombe ya jana," Joyeuse akasema. "Unapasha moto tu, unakula."

Hapo Gradi alikwisha. Alinunua diski, na kesho yake akarudi kununua waya asiouhitaji. Baada ya muda Birere nzima ilijua mwenye waya ni wa nani.

Asubuhi moja Joyeuse akampigia simu.

"Gradi, unaoa Philomène?"

"Nani amekudanganya, chérie?"

"Site yako. Niko naona picha yenu, na siku ya dot, ya kutoa mahari."

Ikakatika. Uchumba na Philomène ulivunjika zamani, kabla hajamjua Joyeuse, na tangazo lile lilifutwa. Gradi alikimbilia kazini roho mkononi, na huko akakuta kosa ni lake. Alipohamishia akiba kwenye diski mpya alibeba mafaili yote ya zamani bila kuchambua, na kwa kuwa nafasi ilikuwa tele, hakuweka kikomo cha muda. Mambo yaliyokufa yakawa yanapakuliwa kama ya leo. Aliogopa kumpoteza Joyeuse, tena kwa diski aliyouziwa naye.

Akafuta akiba yote. Akaweka kikomo: kila ukurasa ukae saa moja tu. Akaandika tangazo jipya, kisha akapiga.

"Fungua site tena."

"Siko na mega za internet za kupoteza."

"Fungua, nakuomba."

Philomène hakuwepo tena. Palikuwa na maneno haya: Gradi anamwomba Joyeuse wa Birere ruhusa ya kutuma wazee kwa baba yake, mtaa wa Mabanga.

Joyeuse akauliza polepole, "Na hii, itakaa kwa disque mpaka wakati gani?"

"Saa moja. Sasa nimeiwekea mupaka."

Kicheko kikamfikia Gradi, kile kile cha mezani.

"Basi fanya mbio, chéri. Wazee wafike mbele saa haijaisha."

Simu ilipokatwa Gradi alikuwa ameshapanda pikipiki, akimpigia mjomba wake Célestin avae koti.