Saksafoni Isiyovuta Pumzi

Mchana mmoja, wiki chache baada ya kumzika mjomba wake, prodyuza aliyeitwa Sikio alikuwa peke yake studio akisafisha rekodi ya besi. Ni kazi ya subira, kama kuchambua mchele: unasikiliza, unatoa kikohozi hapa, mkwaruzo wa kiti pale. Katikati ya besi akasikia mlio mdogo wa mate. Mtu alikuwa akilowesha mwanzi wa saksafoni mdomoni, kama wapigaji wote wafanyavyo kabla ya kuanza.

Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Mlio ulikuwepo. Akavua hedifoni, akafungua mlango wa chumba cha kurekodia. Viti, nyaya, ngoma zilizofunikwa shuka. Hapakuwa na mtu.

Mpiga saksafoni pekee aliyewahi kulowesha mwanzi ndani ya chumba kile alikuwa mjomba wake, na mjomba alikuwa ardhini.

Mjomba ndiye aliyemlea. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye utani, na pafu moja bovu lililomfanya apumue kwa mruzi. Alikuwa akisema, "Fanki ni mguu, jazi ni moyo. Ukiwa na kimoja tu utafika, lakini utafika ukichechemea." Yeye ndiye aliyempeleka mpwawe kubeba spika za bendi za harusini, akamsimamisha nyuma ya fundi mitambo ili ajifunze kuchanganya sauti kwa kuchungulia. Na yeye ndiye aliyempa jina la Sikio, maana kijana aliweza kukuambia ni waya upi wa gitaa umelegea hata akiwa barabarani.

Sikio alipokua alizunguka kwenye kampuni za muziki na kanda zake. Wakamwambia muziki wa namna ile unafaa wazee na watu wenye huzuni. Akawajibu kwamba hao ndio wengi. Wakacheka, wakamfungulia mlango atoke. Basi akaamua kujitegemea. Chumba cha nyuma cha nyumba yake, kisicho na dirisha, akakigeuza studio, akafunika kuta kwa magodoro ili sauti isitoroke. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, aliwaambia wageni, "Sisi tunalala kwenye mkeka ili kuta za mume wangu zilale vizuri." Lakini alisema hivyo huku akimshonea mapazia mazito ya mlangoni. Albamu zake Sikio alizitoa mwenyewe, akazibeba mwenyewe kwenye begi toka ukumbi hadi ukumbi, akawabembeleza watangazaji wa redio mpaka wakamzoea. Miaka ikapita hivyo, na jina lake likaota taratibu. Wanamuziki wakubwa wakaanza kukiulizia chumba chake cha magodoro.

Albamu aliyokuwa akiitengeneza sasa ilikuwa ya nyimbo za mjomba, zote alizozitunga maishani. Ulibaki wimbo mmoja, na katika wimbo ule ilibaki sehemu moja, pale ambapo saksafoni ingepiga peke yake. Asubuhi ya kurekodi mjomba alikutwa kitandani amekwisha kuwa baridi. Shati la kwendea studio lilikuwa kitini, limepigwa pasi.

Baada ya matanga Sikio alijifungia studio, akaweka kiganja juu ya sanduku la saksafoni, akasema kwa sauti, "Mjomba, rudi tu unimalizie huu mmoja. Halafu nenda zako." Alisema hivyo kama mtu anavyosema na picha ukutani. Hakutegemea kujibiwa.

Sasa, siku ile ya mlio wa mate, alirudi kitini. Akaufungua wimbo usiokamilika, akaucheza tangu mwanzo. Ulipofika kwenye lile pengo, saksafoni ikaingia.

Ilikuwa sauti ileile, nene chini na ya kukwaruza kidogo juu. Sikio alilia mpaka shingo ya shati ikalowa. Hakujiuliza inatoka wapi. Alibonyeza kitufe cha kurekodi.

Tangu siku hiyo alijifungia kila mchana. Alimwambia mkewe anarekebisha kazi za zamani. Saksafoni ilipiga vizuri kuliko mjomba alivyowahi kupiga, na kila siku ilirefusha kidogo. Chumbani kulikuwa na harufu ya shaba iliyolowa, na chini yake harufu nyingine, ya kisima kilichofunikwa muda mrefu. Sikio aliizoea.

Aliyeona kwanza kwamba kuna kitu hakiko sawa alikuwa mkewe. Walikuwa na binti mmoja, meno ya mbele yalikuwa yanaanza kung'oka, naye alipewa jina la Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliimba akivaa viatu, aliimba akila, aliimbia hata vifungo alipovipanga kwa rangi chini ya cherehani ya mama yake.

"Chiriku haimbi siku hizi," mkewe alisema jioni moja wakiwa mezani.

"Anakua."

"Mtoto hakui kwa siku tatu, baba Chiriku. Mtazame."

Sikio alimtazama. Mtoto alikuwa amekaa wima, midomo imekauka, anavuta hewa kwa juujuu kama aliyetoka kukimbia. Alipoulizwa anaumwa wapi, alijibu kwa mnong'ono. Kesho yake hata mnong'ono ulikuwa umekwisha. Daktari alimulika koo, akasikiliza kifua, akapiga picha. Akasema koo ni zima, mapafu ni mazima, labda mtoto ana msiba moyoni kwa ajili ya babu yake. Wakaukubali ule msiba kwa sababu walikuwa nao wote.

Mpiga besi wa Sikio aliitwa Kimya, kwa kuwa alizungumza kwa vidole zaidi kuliko kwa mdomo. Alikuja mchana mmoja kuulizia albamu. Sikio, ambaye hakuweza tena kuibeba furaha yake peke yake, alimkalisha, akamvika hedifoni, akamchezea.

Kimya alisikiliza macho yamefumbwa. Uso wake ulilegea kwa utamu, kisha ukakazana. Alihesabu kitu kwa vidole gotini. Akavua hedifoni na kuziweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kuamka.

"Umerekodi lini?"

"Usiniulize lini. Niambie ni nani."

"Najua unataka niseme ni nani." Kimya aliteremsha sauti. "Nimepiga na mjomba wako tangu sina ndevu. Yule mzee alikuwa na pafu bovu. Kila mistari miwili lazima avute pumzi, na unausikia ule mruzi wake. Huyu hapumui, Sikio. Amepiga tangu mwanzo mpaka mwisho, na hajapumua hata mara moja."

"Pengine huko aliko kifua kimepona," Sikio alisema, na yeye mwenyewe akasikia jinsi maneno yalivyokuwa mepesi.

Kimya aligeuza kichwa. Alikuwa akitazama kompyuta. Wimbo ulikuwa umekwisha, mstari wa sauti umelala, hedifoni ziko mezani, na bado saksafoni ilikuwa inapiga. Safari hii ilitoka kwenye magodoro ukutani.

Hapo ndipo mke wa Sikio alipopiga ukelele mmoja sebuleni, mfupi, na wote wawili wakatoka mbio, wakamkuta mtoto amelala chali kando ya cherehani katikati ya vifungo vilivyotawanyika, macho yako wazi lakini hayaoni mtu, mashavu yanavimba na kunywea, yanavimba na kunywea, kama ya mtu anayepuliza chombo ambacho hakipo, na vidole vyake vidogo, ambavyo havikuwahi kugusa saksafoni, vinapanda na kushuka hewani juu ya kifua chake vikifuata sawasawa kila noti iliyokuwa ikisikika kutoka chumba cha nyuma, na Sikio, ambaye hakuna duniani aliyeijua mikono ya mjomba wake kuliko yeye, aliona kwamba vidole vile vinapita njia zote alizozipita mzee, ila haraka zaidi, bila huruma. Alirudi mbio studio, akang'oa waya wa umeme ukutani. Taa zikazimika, kompyuta ikafa, na gizani saksafoni ikaendelea mpaka ilipoumaliza mstari wake. Kisha ikanyamaza yenyewe, na sebuleni mtoto akavuta hewa kwa kishindo.

Hawakurudi hospitali. Kimya alimfahamu tabibu mmoja, mjane aliyepinda mgongo kidogo, asiyependa maneno mengi, naye akamleta kesho yake alasiri. Mama yule alimshika mtoto viganja, akavinusa. Akaingia studio, akayapapasa magodoro. Akauliza swali moja tu.

"Nani alimwita?"

Sikio aliinamisha kichwa. "Mimi, mama. Nilimwita mjomba wangu."

"Ukimwita maiti, maiti hasikii. Lakini wapo wanaosikia." Alisema bila ukali. "Hawa hawana pumzi, mwanangu. Jini akipuliza, ujue anapuliza kwa pumzi ya mtu. Kila siku uliyokaa hapa ukifurahi, alikuwa anavuta kwa mtoto wako."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na Chiriku mikononi. Hakumlaumu. Alimtazama tu, na Sikio angependelea kutukanwa.

Tabibu alimwelekeza. Afute kila alichonasa. Yule akianza kupiga, amwambie kwamba si mjomba wake, na atoke. "Atakuuliza maswali. Usimjibu hata moja. Jini akikuuliza amekunyooshea mkono, na jibu lako ndilo unaloweka kiganjani."

Mkewe alikaa na mtoto sebuleni, Kimya akaushika mlango. Tabibu aliweka makaa na ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma polepole. Sikio alifuta rekodi moja baada ya nyingine, na kila aliyoifuta ilimkata, maana hakuwahi kunasa muziki mzuri kama ule, na alijua hatanasa tena. Alipoifuta ya mwisho, saksafoni ikaanza.

Haikupiga fanki wala jazi. Ilipiga mruzi wa zamani ambao mjomba aliutumia kumwita kutoka mchezoni, chakula kikiwa tayari.

"Wewe si mjomba wangu," Sikio alisema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Wewe si mjomba wangu. Toka."

Muziki ulikatika. Nyuma ya sikio lake la kulia, karibu kabisa, sauti ya mzee ikasema, "Umeshanichoka, mjomba?"

Hakujibu.

"Nani atakumalizia wimbo?"

Hakujibu. Harufu ya kisima ilipanda mpaka macho yakamchoma, ubani ukazidiwa, na ile sauti ikaanza kupoteza umbo la mzee, ikawa pana na tupu kama inayotoka ndani ya mtungi. "Mimi pumzi sina. Nikimwacha mtoto, unaniacha na nini?"

Tabibu alitikisa kichwa kwa nguvu bila kuacha kusoma, na Sikio alimwona, na aliyakumbuka yote aliyoambiwa, na angenyamaza, alikuwa ameuma meno ili anyamaze, lakini kutoka sebuleni, kupitia pazia na mlango na mwili wa Kimya, alimsikia mkewe akinong'ona, "Anakwenda, mume wangu, mtoto anakwenda," na kifua cha mtoto kikikoroma bila kupata hewa.

"Chukua sikio langu," alisema.

Kitu baridi na chenye majimaji kilimgusa sikioni, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema siri. Kisha harufu ikaisha, kama haijawahi kuwepo. Sebuleni mtoto alikohoa, akalia, na kilio kile kilikuwa na sauti.

Tabibu alifunika chetezo chake. "Nilikwambia usijibu."

"Nilikusikia, mama."

"Amekwenda. Hatarudi." Alijifunga ushungi wake. "Ameshiba."

Sikio alishangaa, maana alisikia kila neno. Aliwasikia watoto barabarani, na maji yakichuruzika jikoni. Akadhani wamemdanganya jini.

Siku chache baadaye alikuwa uani akianika mapazia ya studio yaliyofuliwa. Kutoka ndani alisikia koleo likikwangua changarawe, akajiuliza fundi gani amekuja. Mkewe akatoka na sindano bado kidoleni, machozi yanamtiririka.

"Umemsikia?" alisema. "Anaimba. Ule wimbo wake wa vifungo."

Sikio alisimama na pazia mkononi. Changarawe iliendelea kukwanguliwa, na ndani yake, akisikiliza sana, aliyapata maneno ya binti yake, makavu, hayana njia ya kupanda wala kushuka.

"Nimemsikia," alisema, akamkumbatia mkewe ili asimwone uso.

Kila muziki sasa ulimfikia hivyo: redio ilikuwa changarawe. Kinanda kilikuwa changarawe. Alimwambia mtu mmoja tu, Kimya, na Kimya alikuja kila siku bila kuombwa, akaimalizia albamu kwa masikio yake, Sikio akiwa kando akitazama taa za mtambo zikipanda na kushuka. Walipofika kwenye lile pengo la wimbo wa mwisho, Kimya aliinua vidole.

"Sitaki mtu mwingine apige hapa," alisema. "Tuache wazi. Bendi nzima inyamaze, halafu turudi."

"Fanya hivyo."

Albamu ile ndiyo iliyompa Sikio yale aliyoyatafuta maisha yake yote. Watangazaji aliokuwa akiwabembeleza walimpigia simu wenyewe. Siku ya kuizindua ukumbi ulijaa hadi ngazini. Alikaa mbele, Chiriku mapajani, mkewe kando yake na gauni jipya alilolishona mwenyewe, na kwa jioni nzima aliangalia miguu ya watu ili ajue mapigo yako wapi, akatabasamu walipotabasamu. Changarawe ilimwagika juu yake wimbo baada ya wimbo.

Kisha wakaufikia ule wa mwisho, na bendi ikanyamaza. Ukumbi mzima ukashikilia pumzi. Mahali pa mjomba palikuwa pametulia, hapana mtu. Mkewe alimshika mkono, na Sikio akafumba macho, kwa maana kwa kitambo kile kifupi alisikia sawasawa na walichokisikia wote.

Halafu ngoma zikarudi.