Jina la Upande wa Pili

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1974, siku ya gulio, na soko la Kasulu lilikuwa limefurika. Sukari ilikuwa imeingia baada ya wiki tatu, kwa hiyo kila mwenye miguu alikuwa kwenye foleni ya duka la Mzee Khatibu. Binti yake, Tunu, alikuwa nyuma ya meza tangu asubuhi. Alivaa gauni la kitenge cha njano na mtandio mweupe uliokuwa ukimteleza kila alipoinama kupima. Alikuwa amechoka na hakuwa na haja ya kumchekea mtu yeyote.

Kijana mmoja akapenya foleni kwa ubavu. Alikuwa mrefu, nywele amezitimua, shati limembana kifuani, suruali ya bugaluu inafagia sakafu.

"Dada, samahani. Sitaki sukari. Nataka waya wa breki ya baiskeli."

"Panga foleni."

"Foleni ni ya sukari."

Watu wakacheka. Tunu akauvuta waya kutoka msumarini, akauweka mezani. Kijana akaufungua, akaanza kuuchambua uzi mmoja mmoja na kuupima kwa vidole.

"Kaka, unanunua au unausuka?"

"Natafuta ule mwembamba kuliko zote. Ndio unaolia vizuri."

"Breki inayolia si nzuri. Baiskeli yako ni ya aina gani?"

"Haina magurudumu. Ina nyuzi sita, na mmoja umekatika jana." Akacheka. "Naitwa Tamimu, wa Kibondo. Napiga gitaa bendi ya Malagarasi Pop. Leo tupo ukumbini, saa tisa. Njoo uusikie waya wako."

"Vijana wa chama wakikuona na hiyo suruali wataikata magotini kabla ya saa tisa."

"Basi njoo uione ikiwa bado nzima."

Tunu alikwenda, nidanganye nini? Alisema anampelekea shangazi yake dawa, akapitia ukumbini. Bendi ilikuwa na magitaa matatu yaliyounganishwa kwenye betri ya lori, na ngoma za kizungu ambazo moja ilikuwa pipa. Walipiga pop ya haraka haraka, wazee wakaziba masikio, vijana wa chuo cha ualimu wakavua makoti. Tunu alisimama mlangoni na chupa ya dawa mkononi mpaka dawa ikapata moto.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Tamimu akawa mteja wa nyaya za breki kuliko mafundi baiskeli wote wa Kasulu. Kufika Ramadhani alikuwa ametunga wimbo, na mji mzima uliujua. Ulikuwa na kiitikio kimoja tu: *Tunu wangu, ningojee, naja. Njia ndefu, ningojee, naja.*

"Umenitangaza," Tunu alimwambia. "Hata wauza dagaa wananiimbia."

"Nani kakwambia ni wewe? Tunu wako wengi."

"Wataje."

"Nimewasahau. Ona sasa, umenifanya niwasahau."

Mwezi uliofuata Tunu alikwenda Kibondo kwenye harusi ya binamu yake. Nyumba ya harusi ilipojaa, alilala siku mbili kwa mama yake Tamimu. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye mtoto huyo mmoja tu, na Kibondo nzima ilimwita Mama Tamimu. Walichagua maharage pamoja uani.

"Mwanangu anaimba kama anagombana na mtu," mama alisema. "Ukimpata, mfundishe kuimba taratibu."

Siku ya kuondoka alimfunga Tunu kanga begani, mpya, ya bluu. Ilikuwa kanga ya mkwe.

Mzee Khatibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Ujiji aliyefungua duka Kasulu, na alijua binti yake ana miaka ishirini na mbili. Kijana wa Ujiji aitwaye Athuman, mwenye lori na adabu, alikuwa ameshatuma wazee mara mbili.

"Baba, nisubirie kidogo," Tunu alimwomba. "Bendi imeitwa Nairobi kurekodi santuri ndefu, nyimbo kumi."

"Mpiga gitaa."

"Baba."

Mzee akavua miwani, akaifuta. "Sawa. Akirudi na hiyo santuri, na aje na wazee wake, tutazungumza. Akirudi mikono mitupu, au asiporudi, nampa Athuman jibu. Na wewe usije kunililia."

Tamimu akaondoka na bendi yake Februari. Wiki ya tatu karani wa posta alimwita Tunu mbio: simu kutoka Nairobi. Sauti ya Tamimu ilikuja kwa mbali, na mkwaruzo mwingi.

"Tunu! Tunaingia studio kesho. Tunapiga wote kwa pamoja, akikosea mmoja tunaanza upya, na tumepewa siku mbili tu. Wako ni wa sita. Wa kwanza upande wa pili!"

"Utanitaja jina?"

"Nitakutaja mpaka bati la studio liruke."

"Muongo wee."

"Ningojee tu, mpenzi. Naja."

Tunu alirudi dukani anatembea juu juu. Alimwambia rafiki yake Immakulata, fundi cherehani wa barazani pale, ambaye naye aliwaambia wateja wake wote. Hilo lilikuwa kosa, lakini nani hufanya siri jambo kama hilo?

Wiki ile ile habari ikafika kwamba Mama Tamimu amefariki, homa ya siku mbili. Alizikwa siku hiyo hiyo, kabla mtu wa Kasulu hajafunga safari. Tunu alilia. Alimwandikia Tamimu barua ya pole kwa anwani ya studio, na jibu halikuja. Miezi miwili ikapita. Tunu akangoja, akapima sukari, akangoja.

Santuri zilifika kwanza, mwenye santuri hakufika. Zilikuja na basi la Kigoma siku ya gulio, na Mzee Khatibu mwenyewe akaweka betri mpya kwenye gramafoni. Watu walijaa mpaka barabarani. Immakulata aliacha cherehani na sindano ikiwa bado kwenye kitambaa.

"Upande wa pili!" watu walipiga kelele. "Tuwekee wa Tunu!"

Tunu akageuza santuri, akashusha sindano. Gitaa likaingia, lile lile, waya wa breki unalia. Sauti ya Tamimu ikapanda, lakini safari hii ilikuwa taratibu kuliko zamani.

*Kuruthumu, ningojee, naja. Njia ndefu, ningojee, naja.*

Mtu wa kwanza kucheka hakujulikana. Baadaye walicheka wengi. Kuruthumu, mara nne, mara nane, mpaka mwisho wa wimbo, na Tunu hakutajwa hata mara moja.

"Kuruthumu ni nani?" mtu aliuliza.

"Wa Nairobi huyo," mwingine akajibu. "Wa viatu vya laizoni na rangi ya mdomo."

Tunu aliinua sindano. Akauliza nani anafuata kwenye foleni. Alivumilia mpaka duka lilipofungwa, ndipo akaenda kukaa jikoni na kulia, bila sauti, akiwa ameuma pembe ya kanga ya bluu.

Basi wimbo ukavuma, bwana! Redio ikaupiga. Chuoni wakaucheza, harusini wakaucheza, na msichana yeyote aliyejipaka poda aliitwa Kuruthumu. Wateja waliutaka tena na tena, na aliyekuwa akigeuza santuri ni Tunu. Siku nyingine aliigeuza mara ishirini. Ilifika mahali hata hakuumia. Alichoka tu, mwili mzima, kama mtu aliyelima na hajavuna.

Ndipo barua ya Tamimu ilipokuja, fupi.

*Mpenzi Tunu, bendi imebanwa na mkataba, tunapiga hotelini kila siku mpaka Juni. Nilipata barua yako ya pole, nikashindwa kujibu. Umeusikia wimbo? Najua wewe utauelewa kuliko wote. Mengine siwezi kuyaandika, mkono hautaki.*

Tunu aliisoma mara mbili. "Niuelewe!" alimwambia Immakulata. "Ananiimbia mwanamke mwingine kwa wimbo wangu, halafu niuelewe!"

"Huyo hana haya," Immakulata alisema. "Mpe Athuman jibu, upumzike."

Na ndivyo alivyofanya. Alimwambia baba yake amekubali, kwa sauti ile ile ya kuagiza sabuni. Mzee Khatibu akapeleka neno Ujiji.

Wiki moja baadaye ujumbe ukaja kutoka kwa Bi Zuleha, jirani yake marehemu: hitima ya Mama Tamimu, iliyokuwa imeahirishwa mpaka mwanawe arudi, itasomwa Kibondo Alhamisi.

"Usiende," Immakulata alisema.

"Namwendea marehemu, simwendei mwanawe. Nimekula kwake, nimelala kwake."

Alikwenda na kanga ya bluu. Basi lilikwama mara mbili matopeni. Alifika saa nane mchana na tope mpaka magotini. Wanawake walikuwa ndani wakipakua wali, wanaume nje chini ya turubai. Hakumtafuta mtu kwa macho. Alikaa karibu na dirisha, akapokea sinia, akaanza kupanga visahani. Nje sheikh alimaliza kusoma, akakohoa, akainua mikono.

"Tumwombee marehemu wetu, Kuruthumu binti Abdalah. Mwenyezi Mungu ampanulie kaburi lake."

"Amin," wanawake waliitikia.

Tunu hakuitikia. Kisahani kilikuwa kimesimama mkononi.

"Bi Zuleha. Kuruthumu nani?"

"Nani tena? Si Mama Tamimu mwenyewe!" Bi Zuleha alimshangaa. "Ulidhani alizaliwa akaitwa Mama Tamimu?"

Tunu akakaa chini kwenye mkeka, katikati ya wali. Wimbo wote ulimrudia, maneno yale aliyoyasikia mara ishirini kwa siku. *Ningojee, naja.* Hakuwa anamwambia mwanamke wa laizoni. Alikuwa anamwambia mtu aliyekwisha zikwa.

Alimkuta Tamimu nyuma ya jiko, anaosha masufuria peke yake. Nywele alikuwa amenyoa. Bugaluu haikuwepo, alivaa kanzu iliyomzidi mabega.

"Mwakeye," Tunu alisema, akapiga makofi taratibu, kama watu wa huku wanavyosalimia.

Tamimu alijaribu kuitikia kwa makofi, mikono ikiwa na majivu. "Umekuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Barua yako ya pole niliipata. Uliandika umelia."

"Nilimlilia Mama Tamimu! Jina lake sikulijua, Tamimu. Siku mbili nimechagua naye maharage, na jina lake sikulijua."

Tamimu akaacha sufuria. Taratibu akaelewa. "Nilidhani unalijua," alisema. "Mimi mwenyewe nililijua siku ya kuandikishwa shule. Nilidhani wewe... Loh. Ulifikiri nini, basi?"

"Nilifikiri ni mwanamke wa Nairobi, mimi na soko zima."

Akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. "Simu ya maandishi niliipokea asubuhi, mlangoni mwa studio. *Mama amefariki, amezikwa.* Tukapiga nyimbo tano. Ulipofika wako nilifungua mdomo, likatoka jina lake. Nikamwambia fundi turudie, akasema utepe wa kurudia haupo, tena ni mzuri hivyo hivyo. Na kweli ulikuwa mzuri. Watu wanaucheza. Nikipita wananiambia, nisalimie Kuruthumu."

"Unawajibu nini?"

"Nasema zimefika."

Tunu akafunika uso kwa kanga. Alipoufunua macho yalikuwa mekundu.

"Nimemkubali Athuman. Wiki iliyopita."

Tamimu akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. "Ni mtu mzuri. Ana lori. Mimi bendi imevunjika, gitaa limebaki Nairobi. Siwezi kukudanganya, Tunu, nimechoka hata kuomba."

"Mimi ndiye niliyechoka! Nimechoka kukuchukia, kazi ngumu hiyo, nyie hamjui." Akapenga kamasi kwa pembe ya kanga bila aibu. "Unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda."

"Basi njoo Jumamosi na wazee wako. Santuri unayo, hukurudi mikono mitupu. Ya baba niachie mimi."

Lakini kumwachia si sawa na kuweza. Kesho yake alipofika nyumbani alimweleza baba yake kila kitu. Mzee Khatibu alisikiliza, akasema jambo moja: "Nimeshatoa neno langu, Tunu. Neno si sukari, nipunguze niongeze." Akaenda zake kuswali.

Jioni ya Ijumaa hiyo hiyo watu walikuwa wengi dukani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, miwani puani. Immakulata akapaza sauti kutoka kwenye cherehani.

"Tunu! Wanataka kucheza huku. Tuwekee yule mwizi wa wanaume, Kuruthumu!"

Watu wakacheka. Tunu akaitoa santuri kwenye karatasi, akaigeuza upande wa pili. Aliiweka, lakini hakushusha sindano.

"Huyo ni mama mkwe wangu," alisema.

Kelele ikapungua.

"Kuruthumu ni mama yake Tamimu. Alikufa mwanawe akiwa studio. Huo wimbo mnaoucheza anamwomba mama yake amngoje, na mama yake alikuwa ameshazikwa." Akafuta uso kwa pembe ya mtandio. "Sasa nitauweka. Anayetaka kucheza acheze."

Akashusha sindano. Gitaa likaingia. Mzee mmoja wa kijiji cha Heru Juu alivua kofia. Immakulata alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka. Mpaka wimbo ukaisha hakuna aliyenyanyua mguu.

Tunu akainua sindano. Hakuthubutu kumtazama baba yake. Alimsikia akivua miwani, akiifuta, akiivaa tena.

"Athuman nitamwandikia mwenyewe," Mzee Khatibu alisema. "Hao wa Kibondo kesho wanafika saa ngapi?"

"Saa nne, baba."

"Basi weka kando kilo mbili za sukari," akasema, na kumwita mteja aliyefuata.