Nguo za Watoto Zimekwenda Wapi?

Mke ni mshonaji. Anashonea sebuleni, karibu na dirisha. Mumewe anajifunza kutengeneza tovuti. Ya biashara yao ameitengeneza yeye, na alikuwa akiijivunia kupita kiasi.

Asubuhi moja simu iliita. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea. Alitaka sare za shule nzima.

"Mama, nimebonyeza 'Watoto' kwenye tovuti yenu, nikaona sare," alisema. "Nikarudi 'Zote', hazipo. Nikabonyeza 'Watoto' tena, naletewa magauni ya harusi! Mnashona sare au hamshoni? Nijibuni kabla ya saa sita, la sivyo nitampa mshonaji mwingine."

Mke alimgeukia mumewe. "Baba tovuti, watoto wa chekechea wanaolewa lini?"

Mume hakucheka. Kazi kubwa kama hii walikuwa hawajawahi kuipata. Alikwenda kumwita jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti.

Jirani alisoma programu, kisha akaguna. "Shemeji, kwa nini umetumia amri ya splice?"

"Nguo zote ziko kwenye safu moja, zimepangwa kwa mstari. Nne za mwanzo ni za watoto. Nilitaka kuzitoa."

"Na umezitoa kweli! Splice inaziondoa kwenye safu. Mteja akibonyeza tena, anapewa nne zinazofuata."

"Si ndiyo kutoa huko?"

"Kuna kutoa kwa kuondoa, na kuna kutoa kwa kuchagua. Wewe unataka kuchagua. Kila nguo umeiandikia aina yake?"

"Ndiyo, zote."

"Basi tumia filter. Inapitia nguo moja moja na kuuliza: hii ni ya watoto? Ikiwa ndiyo, inaiweka kwenye safu mpya. Safu ya kwanza haiguswi."

Mume alifuta mstari ule, akaandika mwingine. Akabonyeza 'Watoto', 'Zote', kisha 'Watoto' tena. Sare zilikuwepo kila mara.

Mke alimpigia mwalimu. "Hebu fungua tena, mwalimu."

Roho zao zilikuwa juu juu.

"Sasa nimeziona," mwalimu alisema. "Njoo kesho uwapime watoto."

Mke alishusha simu na kumkumbatia jirani kwa furaha. Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa bado anabonyeza.

"Haya, funga kompyuta uje hapa. Vitambaa havijikati vyenyewe."