Daftari la Chakula la Namono

Kila asubuhi, saa moja kasoro robo, pikipiki ya Umaru ilisimama mbele ya nyumba za kupanga za Namakwekwe, mjini Mbale, ikapiga honi mara mbili. Wakati huo Namono alikuwa bado mezani. Alimalizia chai ya maziwa na kabalagala ya mwisho, kile kitumbua cha ndizi alichokipenda kuliko chakula chochote, kisha akachukua mkoba wake na kupanda nyuma ya Umaru. Shule ilikuwa mwendo wa robo saa tu kwa miguu. Wenzake walikwenda kando ya barabara wakicheka na kusukumana. Namono aliwapita tu, vumbi la pikipiki likibaki nyuma yake.

Baba yake, Sajini Apollo Mugweri, ndiye aliyempangia usafiri huo. Sajini Apollo alikuwa amerudi kutoka vita vya Somalia mwaka uliotangulia, mguu wake wa kulia ukiwa umevunjwa na mlipuko. Kabla hajarudi, zilipita wiki tatu ambazo Namono na mama yake hawakujua kama yu hai au amekufa. Siku gari la jeshi lilipomshusha mlangoni na magongo yake mawili, aliapa mbele ya majirani kwamba mtoto wake wa pekee hatakosa kitu.

"Vita vilipopita kwetu Budondo, nilikuwa na umri kama wako," alipenda kumwambia. Alisema Kiswahili, lugha aliyoizoea jeshini, na ndicho kilichozungumzwa nyumbani kwao kwa kuwa yeye alikuwa Msoga na mama Mgisu. "Tulijificha shambani siku nne, tukitafuna mihogo mibichi. Kula, mwanangu. Kula mpaka nione kwamba umeshiba."

Namono alikula. Alasiri alikuta soda na biskuti zikimngoja, na jioni baba aliagiza chipsi. Majirani walimsifu. "Mtazame binti wa afande!" walisema. "Kweli amani imerudi!"

Yaliyokuwa upande wa pili aliyajua Namono peke yake. Magoti yalimuuma aliposimama mstarini asubuhi. Akipanda ngazi za kwenda darasani ilimbidi asimame katikati, ajifanye anafunga kamba za viatu, ili apate kupumua. Siku ya michezo alijifungia chooni mpaka mbio zilipokwisha.

Muhula wa pili ulipoanza, wauguzi wa kituo cha afya cha mtaa, walimu na kamati ya wazazi walianzisha mpango wakauita Mwili Wenye Nguvu. Muuguzi aliyeuongoza, Sista Nambozo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Aliwapima watoto mmoja mmoja nyuma ya pazia, na uzito wa kila mtoto alimtajia mwenyewe tu. Mvulana mmoja alipocheka Namono alipoingia, Sista alifungua pazia.

"Hapa hatutafuti wembamba," alisema. "Wewe unayecheka, mara ya mwisho ulikula mboga lini?"

Mvulana akainamisha kichwa.

Pazia liliporudi, Sista alimwambia Namono, "Uzito wako umezidi kimo chako. Si aibu, na hukujitakia. Lakini tukiuacha, ukubwani unaweza kukuletea kisukari au shinikizo la damu. Nitakuomba mambo mawili. Njoo shule kwa miguu pamoja na wenzako. Halafu andika kila unachokula katika daftari hili. Kila kitu, hata peremende. Sitakugombeza."

Mtaa mzima uliingia katika mpango huo. Mzee Geresom, askari wa magereza aliyestaafu, alijitolea kuwaongoza watoto kila asubuhi kwa filimbi, akiwahesabu kwenye kila njia panda. Nyuma ya madarasa ikalimwa bustani ya mboga za majani, dodo na nakati. Mama Zulaika, aliyeuza chapati na roleksi langoni, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, aliongeza papai na mahindi ya kuchemsha juu ya meza yake. Sajini Apollo alinung'unika kidogo, kisha akamruhusu Umaru aende zake.

Wiki ya kwanza Namono aliandika ukweli. Ijumaa alimsomea Sista ukurasa wake: soda nane, roleksi tano, biskuti zisizo na hesabu. Sista alisema tu, "Asante. Wiki ijayo tujaribu soda moja kwa siku." Lakini Namono alikuwa amechungulia daftari la rafiki yake, Nabifo. Kulikuwa na ugali wa posho, maharage, dodo, papai. Uso ulimwaka moto.

Jumatatu, saa ya mapumziko, alikula roleksi mbili za Mama Zulaika. Jioni aliandika: "Matoke, maharage, dodo. Maji ya kunywa." Kalamu haikukataa. Siku ya pili ikawa rahisi zaidi.

"Mbili tena?" Mama Zulaika alimwuliza siku moja. "Sista si amesema mpunguze?"

"Moja ni ya Nabifo," Namono alijibu, huku akitazama pembeni.

Miezi miwili ilipita. Wenzake wengi walianza kuwahi shuleni bila kutweta. Uzito wa Namono uliendelea kupanda. Kila alipompima, Sista Nambozo alilifungua daftari, akasoma, akakunja uso. Mwisho alimwita Sajini Apollo.

"Bwana Apollo, binti yako anakula vizuri kabisa," alisema. "Anatembea kila siku. Hata hivyo uzito unazidi. Huenda kuna tatizo ndani ya mwili, labda tezi ya shingoni. Nimeandika barua aende hospitali kubwa akapimwe damu. Wamempa Alhamisi hii."

Namono, aliyekuwa amekaa kando ya baba yake, alitaka kusema ukweli. Badala yake aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Alhamisi hiyohiyo Sajini Apollo alitakiwa awe hospitalini Jinja. Mfupa wa mguu wake ulikuwa umeunga vibaya, na daktari alikuwa amemwahidi upasuaji. Mama alipaswa kwenda naye, kwa sababu mgonjwa wa upasuaji huhitaji mtu wa kumhudumia.

"Jinja itangoja," baba alisema jioni ile wakiwa mezani.

"Itangoja mpaka lini?" mama aliuliza. "Daktari alisema nafasi nyingine ni baada ya miezi minne. Alisema mguu ukikaa hivyo utabaki umepinda maisha yako yote."

"Basi upinde. Mguu ni wangu, lakini mtoto ni mmoja tu."

Mama alikusanya sahani, akaenda kuziosha, na Namono akamsikia akijikohoza kama mtu anayezuia kilio.

Asubuhi ya Jumanne baba alikaa mlangoni na simu yake, akingoja ofisi za hospitali ya Jinja zifunguliwe ili aahirishe upasuaji. Filimbi ya Mzee Geresom ilikuwa imekwisha kupita, Namono akiwa bado anasitasita ndani. Saa mbili ilipokaribia, baba alijaribu kuinuka afuate mtandao uani. Gongo liliteleza kwenye saruji. Alishika fremu ya mlango, jasho likimtoka usoni, akasimama hapo kwa muda akiuma meno. Alipomwona Namono anatazama, alijilazimisha kutabasamu.

"Hauumi," alisema. "Nenda shule."

Akaanza kubonyeza namba.

"Baba, usipige!"

"Kwa nini?"

"Mimi si mgonjwa." Machozi yalikuwa yamekwisha kumtangulia. "Daftari ni la uongo. Ninakula roleksi kila siku, mbili. Na soda. Naandika dodo, lakini sili. Nilimwambia Mama Zulaika kwamba nyingine ni ya Nabifo. Yote ni uongo, baba."

Sajini Apollo aliishusha simu. Alikaa tena polepole, akiunyosha ule mguu kwa mikono miwili. Namono alingoja fimbo. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ameganda na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kule Mogadishu," baba alisema, "tulikuwa na kijana wa kutangulia kukagua barabara. Siku moja aliogopa, akakagua nusu tu. Aliporudi akasema barabara yote ni salama. Hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu kusema kwamba ameogopa. Sisi tulimwamini, tukapita." Akaugusa mguu wake. "Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Mtu anayetoa taarifa hajipeleki mwenyewe tu. Huwapeleka na wote wanaomwamini."

Namono alilia kwa sauti. Baba hakumnyamazisha upesi. Alipotulia, alimwambia, "Leo utamwambia Sista mwenyewe. Na Mama Zulaika. Na Nabifo, uliyemsingizia. Sitakwenda nawe, maana mguu hauwezi. Nenda."

Safari ile ya robo saa haikuwahi kuwa ndefu hivyo. Sista Nambozo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wiki nzima nilikuwa nikisumbuka ni kitu gani sijakiona," alisema. "Ningekuchoma sindano ya damu bure, na kuchukua nafasi ya mtoto anayeumwa kweli. Leo nitapiga simu kuifuta. Lakini umekuja kwa miguu yako, na hilo nimeliona. Tuanze ukurasa mpya."

Nabifo alinuna siku mbili, kisha akamsamehe. Mama Zulaika alipiga kofi mezani. "Kumbe umenifanya mwongo pamoja nawe!" alisema. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wa mpango akitaka roleksi ya pili, alimpa kipande cha papai. Hakukubali mabishano.

Alhamisi, baba na mama walikwenda Jinja. Namono alibaki kwa jirani. Upasuaji ulifanikiwa. Walirudi baada ya wiki tatu na agizo la daktari: Sajini Apollo atembee kila siku, kidogo kidogo, hata mguu ukimuuma. Siku ya kwanza alifika nyumba ya tatu tu, akageuka. Namono alitembea kando yake, akihesabu hatua kwa sauti. Jioni hizo wote wawili walitweta, wakachekana. Soda ikawa ya Jumapili tu. Mama alipika malewa, yaani machipukizi ya mianzi, kwa karanga, na Namono akagundua kwamba hayakuwa mabaya kama alivyodhani.

Mwisho wa mwaka uzito wake ulikuwa haujashuka sana, ila alikuwa amerefuka, na ngazi za darasani alizipanda moja kwa moja. Mkutano wa wazazi ulipofanyika, Sista Nambozo alimwomba Sajini Apollo aseme neno. Alisimama akitumia gongo moja.

"Wazazi wenzangu," alisema, "nitasema kosa langu kwanza, kwa kuwa binti yangu alishasema lake. Wengi wetu tumeona vita na njaa. Vita vimekwisha, lakini mimi niliendelea kuiogopa ile njaa yangu, nikawa naishibisha kwa kumlisha mtoto. Nilidhani huo ndio upendo. Mtoto naye akashindwa kuniambia kwamba anaumia, akaficha mpaka alipokaribia kunigharimu mguu. Chakula ni baraka, lakini kikizidi hugeuka mzigo. Na ukweli unauma siku moja. Uongo huuma kila siku, tena huwauma hata wasiohusika. Watoto, semeni ukweli mapema. Nasi wakubwa, tuwe watu wanaoweza kuambiwa."

Alikaa. Mzee Geresom ndiye aliyeanza kupiga makofi.