Mheshimiwa Swali la Nyongeza

Jamani, nisikilizeni niwape habari za jirani yangu, mbunge wa viti vya nyuma. Zamani jioni zake zilikuwa tulivu: yeye na mkewe kibarazani, chai katikati, wakitaniana. Watoto walishaoa na kuolewa, nyumbani wamebaki wao wawili tu.

Aliposhinda uchaguzi akahamia mji wa Bunge, chumba cha kupanga. Mwaka mzima aliuliza: barabara, visima, daktari wa macho kwa hospitali yetu. Akijibiwa ovyo anasimama tena, hadi wenzake wakambandika jina la Swali la Nyongeza. Alihutubia viti vitupu, akarudi chumbani, akala peke yake. Sikatai, alikuwa mchapakazi, na upweke ulimuuma.

Huku nyumbani mkewe alibaki na redio, akimsikiliza mumewe akiuliza bungeni. "Mume wangu siku hizi anatumia betri," aliniambia, akacheka.

Siku moja akampigia simu. "Baba watoto, macho yananisumbua. Najigonga milangoni."

"Pole, mama. Nikirudi tutalishughulikia."

Ebo! Si jibu la mawaziri hilo, lile lile analolipigia kelele bungeni? Na hapo hakuwa na swali la nyongeza hata moja: tangu lini, jicho lipi, nani atakupeleka kupimwa.

Mwaka ulipokwisha serikali ikakubali kumleta daktari. Mheshimiwa akarudi na furaha yake. Akamkuta mkewe kibarazani, akasimama mbele yake akitabasamu, kimya, ili amshtukize.

Mkewe aliinua uso. "Nani hapo?"

Akadhani anataniwa. "Mgeni wako, mama."

"Karibu, baba watoto. Sogea nikushike, sikuoni."

Daktari alipofika alimpima. Ilikuwa presha ya macho, na muda wa kuyaokoa ulishapita.

"Kwa nini hukuniambia ni makubwa hivi?" mumewe aliuliza huku akilia.

"Nilikusikia redioni ukieleza dalili zake, vizuri kabisa, hadi nikajijua. Nikasema, anayeyajua haya yote atarudi kuniuliza. Nikakungoja."

FUNZO

Ndugu zangu, kazi ya watu ni njema, na aifanye anayeiweza. Lakini jibu usilolikubali kwa mkubwa, usimpe wa nyumbani kwako. Akisema anaumwa, muulize. Akijibu, muulize tena. Nawe unayeumwa, usingoje kuulizwa. Sema, na usiposikika, nenda hospitali ukiwa bado unaiona njia.