Maslahi ya Bwana Mdhibiti

Umeme ulikatika ndani ya ofisi ya umeme, saa ya msongamano, na foleni nzima ikaangua kicheko isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa fundi cherehani, binti aliyevaa gauni la rangi ya chungwa alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni sawasawa. Alikuwa akimkodolea macho kijana aliyesimama nyuma yake. Shati la kijana lilikuwa jeupe, lakini kifungo kimoja cha mkono kilishonwa kwa uzi mweusi.

"Nani kakushonea hicho?" akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Muongo. Mwanaume wa manukato hivi ashike sindano?"

"Dada, hata hatujajuana, tayari mimi muongo?"

Ndivyo walivyoanza. Binti huyu hakuwa mwepesi wa kuamini. Hata akipimiwa sukari dukani, macho yake hayakubanduka kwenye mizani. Lakini moyo haukumwomba ruhusa. Punde simu ikawa haimtoki mkononi, na mteja mmoja akarudisha gauni lenye mikono miwili ya kushoto.

Kijana alikuwa afisa wa mamlaka inayodhibiti umeme nchini, kwa hiyo binti akambandika jina la Bwana Mdhibiti.

"Bwana Mdhibiti, umekula?"

"Nimekula, laazizi. Nakuwaza."

"Unaniwaza mimi, au unawaza mita ya Mjomba?"

Utani huo ulikuwa na chanzo chake. Siku moja, wakinywa soda, kijana alimweleza kanuni mpya iliyopitishwa: mwenye nyumba haruhusiwi tena kuwauzia wapangaji umeme kwa bei anayojipangia, na kila mpangaji lazima awe na mita yake. Binti alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

"Basi Mjomba wangu, mwenye nyumba wetu, kwisha habari yake! Jengo zima mita moja, kaifungia kwenye kizimba cha chuma, ufunguo anao kiunoni. Pale kwetu yeye ndiye kampuni ya umeme."

Kijana hakucheka. Alitazama saa, akasema amechelewa, akaondoka. Binti aliliweka hilo moyoni.

Kisha Mjomba akaitwa kwenye kikao cha wazi cha mamlaka. Ikithibitika kwamba amevunja kanuni, jengo lingeweza kukatiwa umeme, wapangaji wahame na cherehani zinyamaze. Mjomba ndiye aliyemlea binti tangu mama yake afariki, akamnunulia cherehani ya kwanza na kumpa chumba cha mbele kiwe duka.

"Sijui nani kanichongea, mwanangu," mzee alisema, na binti akakumbuka kijana alivyotazama saa siku ile ya soda.

Jioni hiyo simu ikalia.

"Kipenzi, tusiwasiliane mpaka kikao kiishe. Siwezi kueleza sasa."

"Tusiwasiliane? Kakukataza nani?"

"Kazi."

"Huyo Kazi ni mrefu au mfupi? Ana watoto?"

"Niamini tu."

"Nilikuamini wakati wa soda," binti akasema, akakata simu. Akalia kwa hasira, kwa sababu alikuwa bado anampenda.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa pomoni. Binti aliketi kando ya Mjomba, na Bwana Mdhibiti alikuwa kwenye viti vya pembeni, macho chini. Mama muuza juisi wa ghorofa ya juu alisimama kwanza.

"Mlalamikaji ni mimi, sikutumwa na mtu. Kwa bei ya umeme anayonitoza, friza yangu inamfanyia Mzee kazi kuliko inavyonifanyia mimi!"

Binti akashusha pumzi. Kumbe si kijana aliyemchongea Mjomba! Lakini kama siye, alimkimbia kwa nini?

"Afisa aliyepangiwa uchunguzi huu alijitoa," akasema mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani puani. "Kanuni inataka aseme sababu hadharani."

Bwana Mdhibiti akasimama. "Nina maslahi binafsi. Mpwa wa mwenye nyumba ni mchumba wangu. Lalamiko lilipofika mezani kwangu nilijitoa, na anayejitoa haruhusiwi kuwasiliana na wahusika."

"Heee!" ukumbi ukapokea.

"Mchumba?" Mjomba akaruka. "Nimekuja hapa kwa ajili ya mita, kumbe na mpwa anaondoka!"

"Binti," akasema mwenyekiti, "kumbukumbu zetu haziandikwi uongo. Wewe ni mchumba wake?"

Binti akasimama. "Hajawahi kuniuliza."

"Afisa, tamko lako si sahihi. Futa, au uliza."

Kijana akamgeukia, jasho likimtiririka. "Kazini waliniuliza wewe ni nani kwangu, na sikuona jibu jingine. Utakubali nikuoe?"

Binti alitazama mkono wa shati. Kifungo kilikuwa kilekile, na uzi uleule mweusi. Hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amekigusa, na kwake yeye huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Andikeni kwamba ni kweli," akasema. "Lakini kikao kikiisha nina maswali yangu."

Mjomba alipewa muda wa kuwawekea wapangaji mita zao, umeme usikatwe. Alichomoa ufunguo kiunoni akamkabidhi mwenyekiti, kisha akamtazama kijana kwa jicho kali. "Mita nimeachia. Huyu mpaka niwaone wazee wako."

Nje, kwenye ngazi, binti alitoa sindano na uzi mweupe mkobani, akaanza kushona kifungo kijana akiwa bado amevaa shati.

"Siku ile ya soda uliangalia saa. Kwa nini?"

"Niliogopa ungeniambia zaidi. Nisingesikia, nisingekuwa na cha kukuficha wala cha kuwaficha kazini."

Furaha ilimjaa binti mpaka akasahau kutazama anaposhona, na sindano ikamchoma kijana.

"Aah! Laazizi!"

"Tulia," akasema. "Hilo lilikuwa swali la kwanza."